Wino, Karatasi na Sanduku la Baba Mdogo

Picha ya kwanza yenye saini niliyopata kuiona ilikuwa ya Dilip Kumar, nyota wa filamu za Kihindi. Ilining'inia sebuleni kwa baba mdogo, Magomeni, juu ya redio, mahali ambapo majirani walitundika kalenda ya duka. Dilip Kumar ameinamisha kichwa kidogo, nywele zimemdondokea kwenye paji la uso, na chini upande wa kulia jina lake limekatiza kwa mwandiko wa kuteleza. Sisi watoto tuliamini kabisa kwamba mtu yule anamjua baba mdogo. Kwa nini asimjue? Baba mdogo alikuwa opereta wa sinema mjini. Kila jioni alipanda ngazi kuingia chumba cha mashine, na filamu za Bombay zilipita mikononi mwake mkanda baada ya mkanda. Alirudi usiku wa manane, shati limelowa jasho, ananukia mafuta ya mashine.

Vijana wanaosoma hapa inabidi niwaeleze kidogo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Kabla ya hapo uso wa nyota uliuona kwenye kitambaa cheupe cha majumba ya sinema, Avalon, Empress, Odeon au New Chox, au ukiwa umekaa ndani ya gari kule Drive-In, na taa zikiwashwa umekwenda. Huwezi kuurudisha nyuma, huwezi kuusimamisha uutazame. Ndiyo maana picha ya karatasi, tena yenye wino wa mkono wa mwenyewe, ilitunzwa pamoja na vyeti vya nyumba.

Baba mdogo alipofariki, mama mdogo aliishusha ile picha ukutani akanikabidhi. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiikodolea macho," aliniambia. Nikaondoka nayo kwenye daladala nimeipakata, na kufika nyumbani tayari nilikuwa nataka ya pili.

Nimekusanya kwa miaka kumi na sita sasa. Nina picha thelathini na nane, na ninaweza kusema kila moja niliipataje. Mapema nilijiwekea sharti moja: nakusanya nyuso zilizoonyeshwa Dar tu. Sharti hilo limeniokoa na mengi, maana anayekusanya kila kitu huishia kukusanya chochote anachouziwa. Kwangu kuna Raj Kapoor na Nargis, kwa sababu wazee wangu wote wanaimba nyimbo za Awara, filamu ya 1951, bila kujua Kihindi. Kuna Hardy Krüger, kwa sababu ya Hatari!, ile filamu ya Howard Hawks iliyotoka 1962 ambayo jina lake ni neno letu wenyewe na iliyopigwa hapahapa nchini, upande wa Arusha. Krüger aliipenda nchi hii hadi akanunua shamba Momella, karibu na Mlima Meru. Picha yake haikunigharimu sana, kwani waigizaji wa Ujerumani wana desturi ya kuchapisha kadi zenye picha zao, ukubwa wa postikadi, wakawasainia mashabiki, kwa hiyo za kweli zipo nyingi. John Wayne wa filamu hiyohiyo ni habari nyingine kabisa. Bei yake naitazama napita. Bruce Lee vilevile: alifariki Julai 1973, umaarufu ukalipuka baada ya kifo, saini za kweli ni chache na wanaozitaka ni dunia nzima. Sijawahi hata kujaribu.

Kosa langu kubwa lilikuwa Madhubala, nyota wa kike wa filamu za Bombay.

Nilikuwa na mwaka wa pili katika shughuli hii. Muuzaji alikuwa nje ya nchi, na maelezo yake yalikuwa matamu: picha imetoka kwa familia ya fundi taa wa studio moja ya Bombay, imekaa ndani ya bahasha tangu 1958, mtoto wa fundi sasa anahama nyumba. Madhubala anatabasamu amegeuka nusu, saini buluu imepita chini ya bega. Nililipa shilingi laki sita na nusu. Ilikuwa pesa ya ada ya shule ya mwanangu, na nilimwahidi mke wangu nitairudisha kabla muhula haujafunguliwa. Niliirudisha, lakini kwa kukopa.

Picha ilipofika niliipeleka Kisutu kwa mzee mmoja mpiga picha. Studio yake ilikuwa imeshafungwa, ila alikuwa bado anakaa kwenye duka lile, kati ya makabati ya negativu, anasafisha pasipoti saizi za watu kwa kompyuta ya mjukuu wake. Nilienda nikitaka anisifu. Alichukua picha, akaigeuza kifudifudi. Saini hakuiangalia kabisa. Akachovya ncha ya kidole kwenye glasi yake ya maji, akaweka tone dogo sana pembeni kabisa ya mgongo wa picha. Tone likasimama pale kama umande juu ya jani la mgomba. Akalifuta kwa leso.

"Kijana, huyu mama alifariki lini?"

"Februari 1969, mzee."

"Basi karatasi hii imetengenezwa baada ya mazishi yake."

Akavuta droo akatoa picha ya zamani ya arusi, akatia tone lilelile. Maji yakanywewa, pakabaki baka la kijivu. Ndipo aliponieleza, kwa subira ambayo sikuistahili siku ile, kwamba karatasi ya picha ya zamani ni nyuzi za karatasi tupu iliyopakwa jelatini yenye chumvi za fedha, ndiyo maana inakunywa maji, inajikunja, na ikichanika inaonyesha manyoya. Karatasi yenye ngozi ya plastiki pande zote mbili, inayokauka upesi na kulala bapa, ilienea miaka ya 1970. Mtu aliyefariki 1969 hawezi kusaini karatasi hiyo. Muuzaji nilimwandikia mara tatu. Hakujibu.

Nilichojifunza siku ile nimekitumia kila mara tangu hapo: nikipokea picha, naanzia mgongoni. Saini ndiyo sehemu ambayo mgushi ameifanyia mazoezi. Karatasi mara nyingi ameichukua tu iliyokuwa karibu. Mgongo una mihuri ya studio, mihuri ya magazeti, tarehe za penseli, karatasi ndogo za maelezo zilizobandikwa kwa gundi ambayo imekuwa kahawia. Naunusa. Naupapasa. Ninaye rafiki mwenye duka Kariakoo, chini ya kaunta ana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti za elfu kumi, na ameshazoea kuniona nikija na bahasha. Tunafunga pazia, tunaipitisha picha chini ya taa. Viwanda vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe kwenye karatasi za picha katika miaka ya 1950, na dawa hiyo hung'aa buluu chini ya taa ya namna hiyo. Picha inayodaiwa kuwa ya 1935 ikiwaka kama shati la shule lililofuliwa kwa buluu, mazungumzo yameisha. Isipowaka, hapo ndipo kazi inaanza, kwa sababu hata karatasi ya zamani inaweza kusainiwa juzi.

Wino nao una umri wake. Kalamu za biki zilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1945, na kalamu za ncha ya sufi na maka peni zilikuja kuenea miaka ya 1960. Niliwahi kuoneshwa picha ya Jean Harlow, nyota wa Hollywood, yenye saini ya biki, ule wino mzito unaoacha vidonge vidogo kwenye kona za herufi. Jean Harlow alifariki Juni 1937, akiwa na miaka ishirini na sita tu. Na hata wino ungekuwa wa umri wake, bado kuna jambo ambalo wakusanyaji wote wa Harlow wanalijua: picha nyingi sana zilizotumwa kwa mashabiki wake zilisainiwa na mama yake mzazi. Studio za Hollywood zilipokea barua kwa magunia, na makatibu, ndugu, wakati mwingine idara nzima ilikaa kusaini kwa niaba ya nyota. Hao hawakuwa matapeli. Walikuwa kazini. Ila picha yao haina mkono wa nyota, na anayekuuzia lazima akwambie hivyo.

Kuna pia mihuri ya mpira yenye umbo la saini, na kuna mashine zinazoshika kalamu na kuchora jina lilelile mara elfu. Ya mashine nimeijua kwa kulinganisha: binadamu hawezi kuandika jina lake mara mbili likalingana kila nukta. Ukiweka saini mbili zikalaliana sawasawa, ogopa. Mkono wa mtu una haraka yake. Unaanza kwa nguvu, unalegea katikati, unanyanyuka kabla herufi ya mwisho haijakamilika.

Halafu kuna namna ya nne ya kudanganyika, na hii iliniuma kuliko Madhubala.

Mzee wa Kisutu ndiye aliyenifundisha kutazama kwa taa ya pembeni. Unalaza picha mezani, unazima taa ya juu, unashika tochi chini kabisa karibu na meza ili mwanga ukwangue uso wa picha. Wino wa kweli umekaa juu ya mng'ao; unaona unavyokatiza, unaona pale mstari mmoja ulipopanda juu ya mwingine. Kalamu ya wino ikikandamizwa ncha yake hupanuka, ikaacha mifereji miwili midogo sambamba, kama njia ya gari la ng'ombe kwenye udongo laini. Usiku niliporudi nyumbani nilipitisha tochi juu ya kila picha niliyokuwa nayo, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ikawa Dilip Kumar wa baba mdogo.

Hapakuwa na kitu. Mng'ao ulipita juu ya saini bila kukatika, laini toka paji la uso hadi ukingoni. Saini ilikuwa ndani ya picha, sehemu ya picha yenyewe. Mtu alisaini nakala moja, ikapigwa picha upya, zikachapishwa maelfu kwa ajili ya mashabiki.

Nilikaa nayo muda mrefu. Baba mdogo aliitazama ile saini zaidi ya miaka ishirini, akaionyesha kila mgeni aliyeingia. Sikumwambia mama mdogo, na mpaka leo sijajutia kunyamaza. Nilichofanya ni kuiandikia kadi yake kama ninavyoziandikia zote: nyota, chanzo, hali ya karatasi, na pale kwenye saini nikaweka "imechapwa". Picha nikairudisha mahali pake. Huwa inatangulia zote kwenye sanduku langu.

Hivyo nikaanza kupenda picha ambazo mwanzoni nilizidharau, zilizoandikiwa mtu. "Kwa fulani, na mapenzi tele," halafu jina la nyota. Sokoni zina bei ya chini kwa sababu wanunuzi hawataki jina la mtu wasiyemjua juu ya ukuta wao. Mimi naona kinyume. Maneno sita yanampa mgushi kazi mara tatu ya jina tupu, na kadiri mwandiko ulivyo mrefu ndivyo unavyopata cha kulinganisha. Zaidi ya hilo, napenda kujua kwamba picha ilikuwa na mwenyewe. Nina ya Nargis iliyoandikiwa daktari. Huwa namfikiria huyo daktari, alimtibu nani katika nyumba ile, picha ilitokaje kwa watoto wake.

Kuhusu vyeti vya uhalisi nitasema kwa kifupi. Cheti ni karatasi nyingine inayohitaji kukaguliwa. Miaka ya 1990 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilifanya operesheni waliyoiita Bullpen, wakafumua mtandao wa wagushi wa saini za wanamichezo na watu mashuhuri, na vyeti vilikuwa sehemu ya biashara ileile. Naamini zaidi barua ya zamani yenye stempu, risiti, bahasha, picha ya mwenye mali akiwa na nyota.

Sasa niseme juu ya hali ya hewa yetu, kwani vitabu vya ukusanyaji vimeandikwa na watu wanaoishi mahali pakavu. Dar inaua picha. Jelatini ni kama ngozi, inavuta unyevu, na masika ikiingia inalainika na kunata. Nilimpelekea fundi fremu picha yangu nzuri ya Raj Kapoor, akaibana moja kwa moja kwenye kioo. Masika mbili zilitosha. Nilipoifungua, bega zima la Raj Kapoor lilibaki kwenye kioo. Kosa halikuwa la fundi, sikumwambia kitu. Tangu hapo kila fremu yangu ina kadibodi iliyokatwa dirisha katikati ili picha na kioo visigusane, na kilichomo kwenye fremu ni nakala. Ya asili iko gizani. Zile albamu laini za plastiki zenye kunuka kama kiatu kipya hazifai, plastiki hiyo hutoa mvuke unaokula picha. Natumia bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Vifuko vinashiba. Inabidi uvikaushe mara kwa mara kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Bati halikai sakafuni, halikai kwenye ukuta wa nje, halikai karibu na dirisha la upande wa bahari.

Unyevu huohuo nilikutana nao tena Magomeni.

Kabla sijafika huko nieleze kidogo kitu kilichokuwa kikinisumbua. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nanunua nyuso za mbali, na siku moja mtoto wa dada yangu akaniuliza: na za kwetu? Nilimjibu kuhusu Rashidi Kawawa. Wengi wanamjua kama waziri mkuu, aliyeshika nafasi hiyo Januari 1962 Mwalimu alipojiuzulu. Wachache wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mwigizaji, na ndiye aliyeng'ara kwenye filamu ya Muhogo Mchungu. Nyota wetu wa kwanza wa filamu akawa waziri mkuu. Kijana akaniuliza, mjomba, picha yake ya filamu iko wapi? Sina. Naitafuta hadi leo, picha ya Kawawa kijana kwenye filamu, yenye saini au isiyo na saini. Swali lile ndilo lililonifanya nianze kupiga hodi kwa familia za watu waliofanya kazi kwenye majumba ya sinema: wakata tiketi, waandika mabango, maopereta. Na nikatambua kwamba nyumba ya kwanza nilipaswa kuibisha hodi ilikuwa ya mama mdogo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na picha au umekuja kuniona mimi?"

Nilimwambia ukweli, nimekuja kuuliza kama baba mdogo aliacha chochote kingine. Akanionyesha sanduku la bati chini ya kitanda, la kijani, lile la wanafunzi wa bweni. Halikuwa limefunguliwa tangu mafuriko yaliyoingia nyumba ile miaka kadhaa nyuma. Ndani kulikuwa na kipande cha mkanda kilichochacha kwa harufu kali ya siki, bisibisi, tochi ya betri tatu, na bahasha ya khaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha, zile zilizokuwa zikiwekwa kwenye vioo vya mbele vya sinema kuwaonyesha watu filamu ya wiki. Zilikuwa zimeshikana zote pamoja, nene na ngumu kama tofali, ukungu mweupe umeota pembeni.

Ya juu ilikuwa imekufa kabisa. Lakini chini yake ya pili ilikuwa imechomoza kidogo upande mmoja, upana wa vidole viwili, na kwenye upana ule niliona pindo la mtandio, na juu ya pindo, wino. Herufi za Kiarabu. Mim, na mkia wa herufi nyingine unaozama chini ya picha iliyofunika.

Moyo ulinienda mbio, lazima nikiri. Meena Kumari, mwigizaji wa Bombay, aliandika mashairi kwa Kiurdu. Alifariki Machi 1972, wiki chache baada ya filamu yake Pakeezah kutoka. Mim ndiyo herufi ya kwanza ya jina lake. Nilipiga picha kile kipande kwa simu mara kumi, nikalifunga tofali ndani ya kanga aliyonipa mama mdogo, nikaenda nalo Kisutu.

Mzee alijaribu kwanza kutenganisha kwa kikavu, kwa kisu cha mfupa chembamba kama jani. Hapakuingia. Akaniambia jambo nililokuwa nalijua na sikutaka kulisikia: picha za karatasi zilizonatana kwa jelatini zinaweza kuachana zikilowekwa kwenye maji safi na baridi. Ila wino wa kalamu ni maji na rangi. Ukiloweka, uso utaupata, wino utaondoka.

"Na nikiacha hivi?"

"Ukungu uko kazini. Masika inakuja. Mwakani huna uso wala wino."

Nilimpigia simu mama mdogo, maana mali ilikuwa yake. Akasema loweka, picha zikiwa tofali zinamfaa nani.

Tulijaza beseni, mjukuu akakimbia kununua barafu, kwa sababu maji ya bomba ya Dar yenyewe ni ya uvuguvugu na jelatini iliyozeeka huyeyuka kwenye joto. Tukalizamisha tofali. Kwa nusu saa hakuna kilichotokea. Kisha ukatoka uzi mwembamba wa buluu, ukapanda juu ya maji, ukajisokota, ukatawanyika. Sikuweza kuangalia kwa muda. Mzee hakusema neno, alibadilisha maji, akatia barafu nyingine. Saa ya pili, picha ya kwanza ikaachia, kisha nyingine. Kati ya kumi na moja tulitoa saba nzima. Tukazilaza uso juu kwenye kipande cha chandarua kilichovutwa kati ya viti viwili, ndani ya kivuli, feni ikielekezwa ukutani.

Alikuwa Meena Kumari kweli. Macho yale, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Karatasi ya zamani, ikanywa maji vizuri. Pale palipokuwa na wino palibaki baka la manjano.

Siku ya tatu zilipokauka nilizirudisha Magomeni. Jioni umeme ulikatika, tukakaa mimi na mama mdogo na tochi, na kwa mazoea tu nikailaza picha juu ya meza nikashusha mwanga pembeni. Mifereji ilikuwepo. Mwandishi alikandamiza kwa nguvu, ncha ilikwaruza hadi kwenye karatasi, na maji hayakuweza kuiondoa. Mstari mrefu, maneno manne au matano, kulia kwenda kushoto. Mimi sikusoma chuo zaidi ya kuhitimu juzuu mbili, herufi zilizoungana kwa haraka namna ile zilinishinda. Nikamsogezea mama mdogo.

Aliishika tochi mwenyewe. Akaisogeza, akairudisha. Alisoma kimya, midomo ikicheza.

"Hiki si Kiurdu," alisema. "Ni Kiswahili. Huu mwandiko wa baba yako mdogo."

Ilianza na "kwa". Kisha mim, jina lake, lile ambalo waliokua naye tu ndio bado wanamwita. Yaliyofuata hakunisomea.

"Alinipa hii kabla hajaleta posa," alisema. "Nikairudisha. Nilimwogopa marehemu baba, angeiona ningemwambia nini? Sikujua kama aliiweka."

Nikamwomba niitie kwenye bati langu pamoja na zile sita, nimtengenezee nakala kubwa ya ukutani. Akakataa nakala. Akaniuliza karatasi hiyo isiyo na asidi inauzwa wapi, na kama inatosha kuweka picha kabatini rafu ya juu, mbali na ukuta wa nje.